Mkebe wa Maskati

Njaa humfundisha mtu kulima, lakini Yoramu wa Puge ilimfundisha kukaa kwenye hoteli za watu wenye pesa, kuagiza maji peke yake, na kusikiliza meza za jirani. Ndivyo alivyokuwa amekaa siku ile, karibu na stesheni ya Tabora, ndani ya kanzu nyeupe aliyoiazima kwa fundi cherehani bila fundi mwenyewe kuarifiwa, alipomwona Tekla akiipiga picha kahawa.

Tekla alikuwa muuza vitenge wa Isevya, mwanamke mwenye duka na mwenye sauti. Kahawa yake ilikuwa na povu, na juu ya povu mhudumu alikuwa amechora ua. Tekla akaipiga picha kwa juu, akaipiga kwa ubavu, akakizungusha kikombe akaipiga tena, kisha akaitupia picha mtandaoni ili mji mzima ujue mwenzao anakunywa nini. Alipomaliza shughuli hiyo kahawa ilikwisha kupoa. Akainywa hivyo hivyo, akafuta povu mdomoni, akaletewa bili.

"Dada," alimwambia mhudumu, "hii bei ni ya kahawa, au nimenunua na kiti?"

"Ni ya kahawa, mama."

"Kwa bei hii ungeniletea na ng'ombe aliyetoa maziwa nimwone."

"Ng'ombe haruhusiwi humu ndani, mama."

Yoramu akaweka chini bilauri yake ya maji, taratibu, kama mtu aliyesikia adhana. Alikuwa na falsafa yake ya kazi, na tuiheshimu, maana wengi wenye ofisi hawana falsafa yoyote. Maskini, alisema, ni mgumu kumtapeli kwa kuwa hana kitu. Tajiri ni mgumu kwa kuwa ana wakili. Mtamu ni yule anayetaka kuonekana tajiri kwa bei ya maskini. Huyo hatafutwi, huyo anakutafuta yeye.

"Asalaam alaykum, bibie," alisema akiinamia meza ya Tekla. "Nisamehe kuingilia. Nimeona wakikuonea, na mimi mtoto wa Maskati siwezi kuona mtu akionewa mbele ya kahawa."

Tekla akamtazama kanzu, akamtazama kofia. "Mtoto wa Maskati unafanya nini Tabora?"

"Babu wa babu yangu alifika hapa na msafara, wakati watu wanatoka pwani kwa miguu. Mimi nimefika kwa treni. Dunia imelegea." Akatabasamu. "Naitwa Abdulnasser. Na kahawa hii uliyokunywa, kwetu tunawapa wagonjwa."

Yoramu alikuwa anaifahamu Maskati kwa kalenda iliyotundikwa kwa kinyozi wake Kariakoo: mwezi wa sita kulikuwa na msikiti, mwezi wa saba ngamia. Kabla ya kinyozi kuitupa kalenda, Yoramu alikuwa amekwisha kuhamia humo na kuzaliwa humo.

"Na kwenu mnakunywa nini?" Tekla aliuliza.

"Tunapika nyumbani. Hata mpagazi anapika nyumbani. Kikombe kimoja cha hapa ni kahawa ya wiki nzima kwako, bibie, na ya wageni wako juu yake. Ila sharti uwe na mkebe."

"Mkebe gani?"

Akashusha sauti, kama kwamba kuta za hoteli zingeupokonya. "Mkebe wa Maskati."

Mkebe wa Maskati, kwa wanaopenda elimu, ulikuwa kopo tupu la maziwa ya unga. Makopo yalikuwa yamerundikana nyuma ya duka la Mzee Fakhrudin, muuza nafaka na vyakula, na Yoramu aliyachukua akijiona anausaidia usafi wa mji. Kila kopo alilitoboa matundu kitakoni kwa msumari, akalipaka rangi ya dhahabu, akatandika ndani kipande cha shuka ya nyumba ya kulala wageni. Mkebe uliuzwa pamoja na pakiti ya "unga wenyewe kutoka ng'ambo", na unga huo ulikuwa mahindi ya kwao Puge, yaliyokaangwa mpaka yakasahau kwamba ni mahindi.

Onyesho lilifanyika uani kwa Tekla. Wanawake walikuja kutoka Isevya na Mtendeni, kila mmoja na kigoda chake na wivu wake. Yoramu akasimama mbele ya jiko la mkaa, akakunja mikono ya kanzu, akaghani:

"Kahawa ya hotelini, bei yake yaumiza,
Ipike kwako nyumbani, mumeo atauliza,
Umeitoa Yemeni, au ng'ambo waagiza?
Mkebe wa Maskati, wa pesa ya kubakiza."

Mizani ilitimia, vina vilikaa. Hakuna kosa la jinai linalotendeka vizuri bila vina.

Kisha akapika. Kwa onyesho hakutumia unga wake, hakuwa mwendawazimu. Alitwaa buni za kawaida za sokoni, akazichambua, akazitia katika kikaango juu ya moto mdogo, akazigeuza bila kupumzika mpaka zikawa na rangi ya ubao wa mninga. "Msiziunguze," alisema. "Mnaounguza mnakunywa mkaa. Halafu usizikaange za mwezi mzima. Kaanga za siku mbili tatu. Twanga wakati unataka kunywa, si jana. Iliki punje chache. Maji yakichemka, yaepue yatulie kidogo, ndipo umimine. Na usirudishe kahawa motoni, inakasirika."

Akaipitisha katika mkebe. Wakanywa. Ua mzima ukanyamaza, jambo ambalo ua wa Tekla haukuwa na mazoea nalo.

Haki lazima itendeke, hata kwa tapeli: kahawa ilikuwa nzuri, na kila neno alilosema juu ya kikaango, kinu na maji lilikuwa kweli tupu. Aliliokota kwa muuza kahawa mmoja wa Kariakoo aliyemfukuza kibarazani kwake kwa kunywa bila kulipa. Yeyote pale uani angeweza kurudi nyumbani siku ile ile na kunywa kahawa nzuri kuliko ya hoteli, kwa kikaango chake mwenyewe na kinu cha mama yake. Lakini ukweli ule Yoramu aliutoa bure, na kwa kuwa ulikuwa bure, hakuna aliyeubeba.

"Kwa hiyo siri ni kukaanga vizuri tu?" aliuliza Tekla, kwa uso wa mtu anayeogopa kuambiwa ndiyo.

"Kukaanga? Mama, kila mtu anakaanga. Siri ni mkebe, na unga wake wa Maskati. Ukiwa na unga ule hukaangi, hutwangi. Unamimina tu."

"Mimi nipe miwili," alisema Tekla.

Walinunua wote. Akanunua hata Mzee Fakhrudin, ambaye makopo yalikuwa yake; alilipindua kopo lake mwenyewe mikononi, akasifu chuma cha Waarabu, akaomba apunguziwe.

Likabaki sharti moja, na sharti hili Yoramu alilitamka kwa huzuni ya tabibu. "Unga umesafiri mbali, umechoka. Uacheni upumzike. Atakayeifungua pakiti kabla ya Ijumaa, uchungu wa safari utabaki kikombeni." Watu wazima waliokwisha kusomesha watoto vyuo vikuu wakaitikia kwa kichwa. Wengine wakazifunika pakiti kwa khanga zisipigwe na baridi.

Treni ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa inapita Alhamisi alasiri.

Alhamisi hiyo, Yoramu alikuwa tayari amefunga pesa zote katika mfuko mwekundu wa kitambaa, ule ule ambamo wanawake walitumbukiza noti zao mbele ya macho ya wenzao, mlango wa chumba chake ulipogongwa. Alikuwa Sheima, binti wa Kiarabu wa Mtendeni, mchumba wa mtu, mwenye haraka.

"Bibi yangu anakusalimia. Anasema ule mkebe tulionunua ameupenda. Anataka mingine, ya kuwagawia wageni wa harusi yangu. Wageni ni wengi. Anasema uje mwenyewe uchukue pesa."

Bibi yake aliitwa Bi Nunu, mjane mwenye nyumba ya ghorofa ya zamani ambayo ukoo wake uliijenga wakati pembe na chumvi vinapita mjini kwa vichwa vya watu. Mtendeni yote ilimwamkia. Mtu mwenye akili angemshukuru Sheima, akaelekea stesheni. Lakini tamaa ya muuzaji na ya mnunuzi ni mtoto na mama. Na treni, kama kawaida yake, haikuwa imefika.

"Mwambie bibi naja kumshika mkono," alisema Yoramu. "Kidogo tu, nina safari." Akautia mfuko kwapani, akatoka.

Bi Nunu alikuwa ameketi juu ya zulia, mbele yake sinia ya tende na haluwa, mkononi dele la shaba, lile birika refu la kahawa lenye mdomo kama wa kasuku. Yoramu akaamkia kwa Kiarabu chote alichokuwa nacho, kikaisha upesi.

"Karibu mwanangu. Kaa. Umekonda, mtoto wa Maskati. Kunywa kahawa."

"Ahsante bibi. Kuhusu ile mikebe ya harusi..."

"Kunywa kwanza. Tangu lini watu wakazungumza biashara na kikombe kimo mkononi?"

Akanywa. Kilikuwa kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa yake nyepesi ya rangi ya asali, yenye iliki. Akakinyoosha kukirudisha. Bi Nunu akakijaza.

Akanywa upesi zaidi, akakinyoosha tena. Kikajaa tena.

"Ahsante sana, bibi, nimetosheka."

"Ndiyo adabu ya kwetu," Bi Nunu alisema kwa kuridhika, akijaza. "Mgeni aseme ametosheka, mwenye nyumba asisikie."

Hapa inatupasa kusimama na kueleza jambo ambalo Sheima alilijua kabla ya kuota meno. Katika nyumba ile, kama ilivyo huko Maskati, mgeni aliyetosheka hasemi. Hukitikisa kikombe kidogo, kulia na kushoto, ndipo anakirudisha, na mambo yamekwisha. Asipokitikisa, anataka tena. Na kumnyima kahawa mgeni anayetaka tena ni aibu ambayo kaburi halifichi. Kalenda ya kinyozi haikuwa na mwezi wa kutikisa kikombe.

Basi Yoramu akanywa. Alikinyoosha kwa mkono wa kulia, kikajaa. Alikiweka sakafuni, kikajaa hapo hapo sakafuni. Alikifunika kwa kiganja, Bi Nunu akakisogeza kiganja kwa upole, kama mama anayemfunua mtoto uso, akamimina. Moyo ukaanza kumdunda masikioni. Goti moja likaanza kucheza peke yake. Na tumbo lake la chini likaanza kumletea habari ambazo mtu mwenye kanzu hapendi kuzipata ugenini.

Mwanzoni Bi Nunu alidhani mgeni wake ni mlafi. Baadaye akadhani ni mgonjwa. Mwishowe akadhani sawasawa.

"Maskati mnakaa upande gani, mwanangu?" aliuliza, akimimina.

"Kule... karibu na msikiti."

"Ahaa. Upo mmoja?"

"Mkubwa, bibi. Nyuma yake kuna ngamia."

Bi Nunu akatikisa kichwa kwa heshima zote. "Sheima," aliita bila kugeuka, "ile pakiti ya bwana huyu, tuliyoambiwa tuiache ilale. Hebu kaitazame kama imeamka."

"Bado ni Alhamisi, bibi," alisema Yoramu, na sauti yake ikapanda ngazi.

"Ya kwetu haina usingizi mzito."

Sheima akaingia ndani. Ikasikika pakiti ikichanwa. Akarudi mlangoni, akasimama na uso usioonyesha kitu, kipaji cha ukoo.

"Imeamka, bibi. Inanukia bisi."

Kwa mbali, upande wa stesheni, treni ikapiga honi. Yoramu akanyanyuka nusu. Bi Nunu hakunyanyua sauti, alinyanyua dele.

"Kaa, mwanangu. Kikombe chako kina kahawa."

Akakaa. Sijui kwa nini, na yeye hakujua. Wako matapeli waliowahi kuruka kuta za polisi, lakini hajazaliwa wa kumruka Bi Nunu na dele mkononi.

"Kikombe kinatikiswa," alisema Bi Nunu. "Hivi. Mtoto wa Maskati hafundishwi hilo, kama asivyofundishwa kupiga chafya. Wewe wa wapi?"

"Puge."

"Puge ni kuzuri. Kwa nini hukutulia kuwa mtu wa Puge?"

"Mkebe wa Puge nani angenunua, bibi?"

Bi Nunu akacheka kidogo, maana jibu lilikuwa la kweli, na ukweli humu mjini ni mgeni wa kukaribishwa kokote unakotoka. Kisha akaacha kucheka.

"Sikiliza. Leo nimewaalika wenzangu, kahawa ya kabla ya harusi. Tekla anakuja, na wa Isevya wote. Wanakuja na mikebe yao na pakiti zao. Sheima, wamefika wapi?"

Sheima akachungulia dirishani. "Naona vichwa kona ya msikiti, bibi. Tekla yuko mbele. Anaongea na mikono."

Jasho likamtoka Yoramu hadi kwenye kofia. Alimfahamu Tekla. Mwanamke aliyegombana na hoteli kwa kikombe kimoja, angemfanya nini mtu kwa mikebe miwili?

"Bibi, nipitishe popote. Nakuomba kama mama yangu."

"Mlango wa uani unatokea njia ya stesheni," alisema Bi Nunu. "Ila mfuko huo mwekundu, mwanangu. Hakuna mkono wa mwanamke hapa Mtendeni ambao haujaingia humo. Ukionekana nao barabarani, hata watoto watakushika."

Yoramu akautazama mfuko. Ndani yake kulikuwa na jasho lake lote, la msumari, la rangi na la shairi. "Nitoe nusu, bibi. Niiweke kifuani."

"Kanzu yako nyepesi. Itaonekana umeota matiti."

"Robo?"

"Wamevuka barabara, bibi," alisema Sheima dirishani.

Yoramu akaubwaga mfuko juu ya zulia, akatoka kwa mlango wa uani. Aliruka mfereji, akapita katikati ya kuku wa watu, kanzu ameikunja mpaka magotini, na alipofika stesheni treni ilikuwa imeanza kujivuta. Alilidaka behewa la mwisho. Kitu cha kwanza alichotafuta si kiti.

Alipotoka chooni alikaa dirishani, na hakulala. Hakusinzia. Kahawa ya Bi Nunu ilimsimamisha kope zote mbili kama nguzo za simu, na mtu asiyelala hulazimika kufikiri. Walivuka misitu ya miombo, wakavuka stesheni za asali na za karanga, naye akiyapanga mambo upya moja moja. Alikumbuka kwamba sinia ile ilikuwa na kikombe kimoja tu. Nyumba iliyoalika Isevya yote, kikombe kimoja. Alikumbuka pia kwamba alipokuwa anaruka mfereji, hakusikia sauti ya mwanamke hata mmoja. Na Tekla hajawahi kukaribia mahali popote pasipo watu kujua tangu kona ya pili.

"Una nini, ndugu?" alimuuliza abiria wa jirani. "Unanung'unika."

"Nimeibiwa," alisema Yoramu, kwa uchungu wa mtu mwaminifu.

"Pole. Humu ndani ya treni?"

"Nyumbani kwa watu. Na nilikaribishwa vizuri."

Kulipokucha Ijumaa, Mtendeni na Isevya zilinuka bisi. Wanawake walikwenda kwenye chumba cha Yoramu, wakakuta msumari. Walipofika kwa Bi Nunu wakilia, walimkuta amejifunga ushungi mweusi, naye analia kuliko wao.

"Mimi amenivunjia heshima mara mbili," aliwaambia. "Ameniibia, na amelitumia jina la watu wangu. Siwezi kukaa na aibu hii. Pesa zenu zimepanda treni, sina uwezo nazo. Lakini hakuna atakayetoka kwangu mikono mitupu."

Akafungua stoo. Humo mlikuwa na magunia ya buni, mzigo wa mpwa wake Soud aliyewahi kudhani atafungua mgahawa, akafungua deni. Hakuna aliyezitaka buni zile. Mji wote ulikuwa umezoea unga wa vipakiti, na nani alikuwa na subira ya kukaanga? Bi Nunu akampimia kila mwanamke kibaba, kwa mkono wake, kama sadaka. "Mkaange kwa moto mdogo," alisema. "Mtwange mnapotaka kunywa. Si mlisikia wenyewe yule mwovu alivyokuwa anapika?"

Wakambusu mikono. Mzee Fakhrudin, aliyesimama nyuma akiona haya, akampelekea mfuko wa iliki kwa kumshukuru. Sheikh alimtaja katika mawaidha, padri akamtaja Jumapili. Na kahawa, baada ya yote, ilitoka nzuri: jioni ile katika kila ua kilisikika kinu, na hotelini karibu na stesheni mhudumu alichora maua juu ya povu asimwone wa kumpa.

Mfuko mwekundu haukutajwa na mtu. Miezi miwili baadaye Sheima aliolewa kwa harusi ambayo watu wa Tabora wanaisimulia mpaka leo, wakisema kweli Mungu humlipa mtoa sadaka.

Lakini siku ile ya Ijumaa, wote walipokwisha kutoka na vibaba vyao, Tekla alibaki nyuma. Alijifanya anafunga kiatu. Kisha akaja akachuchumaa ukingoni mwa zulia.

"Bi Nunu," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema polepole. "Zile pakiti zangu za mahindi sijazitupa. Na mikebe bado inang'aa. Nina wifi yangu Nzega, ana pesa, na anapenda sana vitu vya ng'ambo."

 Bi Nunu akasogeza ushungi nyuma, akaisukuma sinia kando, na kupangusa nafasi juu ya zulia kwa kiganja.

"Funga mlango, mwanangu," alisema. "Kaa vizuri."